Harriet McBryde Johnson, avoka aliyekataa kuhurumiwa

Leo katika ukurasa wetu wa historia tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Marekani, avoka, aliyezaliwa na ulemavu na kufariki mwaka 2008. Aliishi mbali sana nasi. Lakini kuna swali lililoulizwa hapa kwetu ambalo yeye alilijibu kwa maisha yake yote, na ndiyo maana nimeona niandike juu yake.

Swali lenyewe niliulizwa na mama mmoja katika kambi ya wakimbizi wa ndani, si mbali na mji wa Bunia. Nilikuwa nimekwenda kurekodi kipindi juu ya ugawaji wa chakula. Mama huyo alinijia akiwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe hakuwa mchanga. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mmoja, ambaye miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Mama akanieleza kwamba siku ile walipokimbia, risasi zikilia nyuma yao, jirani mmoja alimwambia: "Huyu umuache, chukua wale wanaoweza kutembea." Hakumwacha. Alitembea naye mgongoni siku mbili.

Sasa kambini watu wanamcheka chinichini kwamba alibeba mzigo wa bure. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, watu hao niwajibu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, unipe muda kidogo." Nilipofika nyumbani nikakumbuka jina ambalo mwalimu wetu wa uandishi wa habari alilitaja siku alipokuwa akitufundisha namna ya kuongea juu ya watu wenye ulemavu bila kuwadharau. Jina hilo ni Harriet McBryde Johnson.

Mtoto aliyetangaziwa kifo

Harriet alizaliwa tarehe 8 Julai 1957 katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Walizaliwa watoto watano katika jamaa hiyo, na wazazi wao wote wawili walikuwa walimu wa chuo kikuu. Alizaliwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli. Hakuwahi kutembea kama watoto wengine, na kadiri alivyokua mwili wake ulizidi kukosa nguvu. Alipokuwa mtu mzima uzito wake ulikuwa kilo 32 hivi, na alitembelea kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa umeme.

Angali mdogo sana, kabla hata ya kuanza shule, aliona kwenye televisheni tangazo la kuchangisha pesa. Lilimwonyesha mtoto mwenye ugonjwa wa misuli, na likasema kwamba watoto wa namna ile hawafiki mbali. Harriet akaelewa kwamba wanasema juu yake. Hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza; alijifunza kwa tangazo kwamba atakufa mapema.

Kilichofuata ndicho kinachonishangaza. Mtoto yule hakuacha kucheza wala kusoma. Aliwaza kwa akili yake ya utoto kwamba kama ni kufa, basi afe akiwa mwanafunzi wa shule ya watoto wadogo. Akaanza shule, na kifo hakikuja. Akafika madarasa ya juu, na kifo hakikuja. Kila hatua aliichukua akidhani pengine itakuwa ya mwisho, na kila mara alikuta kuna hatua nyingine mbele. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, alipotoa kitabu juu ya maisha yake alikiita Too Late to Die Young, maana yake muda wa kufa kijana umeshampita.

Jambo la pili ambalo ni lazima tulijue ni habari ya mgongo wake. Kwa kuwa misuli haikuweza kuushika uti wa mgongo, alivalishwa kifaa kigumu cha kumnyoosha. Alipofika miaka 15 alikitupa. Mgongo wake ukajikunja kwa namna yake, naye akakaa vizuri zaidi kuliko zamani. Watu walipomwangalia waliona mwili uliopinda. Yeye alisema huo ndio mwili wake na anaufahamu namna ya kuishi ndani yake.

Shule, kisha sheria

Wakati Harriet alipokuwa mtoto, shule za serikali Marekani zilikuwa na uwezo wa kumkataa mtoto mwenye ulemavu, na nyingi zilifanya hivyo. Sheria ya kwanza kubwa ya kukataza ubaguzi wa walemavu katika kazi na huduma zinazolipwa na serikali kuu ilitoka mwaka 1973. Ile ya kuwapa watoto wote wenye ulemavu haki ya kusoma ilitoka mwaka 1975. Mwaka huo Harriet alikuwa na miaka 18. Maana yake ni kwamba utoto wake wote ulipita kabla sheria haijamtambua.

Alisomea katika shule iliyotengwa kwa ajili ya watoto walemavu peke yao. Akiwa na miaka 14 alijaribu kumfukuzisha kazi mwalimu aliyekuwa akiwatesa wanafunzi. Jamaa yake walisema baadaye kwamba pale ndipo ubishi wake ulipoanza. Wengine tungesema pale ndipo avoka alipoanza, kabla hajapata diploma yoyote.

Diploma zilikuja kwa zamu. Mwaka 1978 alimaliza masomo ya historia. Mwaka 1981 akapata shahada ya uongozi wa mambo ya serikali. Mwaka 1985 akamaliza sheria katika Chuo Kikuu cha South Carolina, akafungua kazi ya uavoka katika mji wa Charleston, ambao ndio uliomlea.

Mji uliowahi kupima watu kwa bei

Nisimame kidogo hapa juu ya mji huo, kwa sababu sisi Wakongo tuna habari nao. Charleston ni bandari ya jimbo la South Carolina, kwenye bahari ya Atlantiki. Katika biashara ya watumwa, hakuna bandari ya Amerika ya Kaskazini iliyopokea Waafrika wengi kuipita. Wengi kati yao walitoka pande za Kongo na Angola. Mwezi wa Septemba 1739, kando ya mto Stono karibu na mji huo, watumwa waliasi wakaanza safari ya kwenda kutafuta uhuru Florida. Wanahistoria wengi wanasema kiongozi wao, Jemmy, na wenzake walitoka katika Ufalme wa Kongo. Uasi huo ulizimwa kwa damu.

Katika masoko ya mji ule mtu alipimwa kwa mikono, meno na mgongo. Mwenye nguvu alikuwa na bei kubwa. Mgonjwa, mzee au kilema bei yake ilishuka mpaka karibu na sifuri. Mimi sisemi kwamba mateso ya watumwa na maisha ya Harriet ni kitu kimoja. Yeye alikuwa mzungu, na wazazi wake walikuwa na uwezo wa kumpatia wasaidizi. Nasema tu kwamba kumpima mtu kwa kazi ambayo mwili wake unaweza kufanya ni desturi ya zamani, na mji wa Charleston uliijua vizuri.

Katika mji huohuo Harriet alifungua ofisi. Wateja wake walikuwa watu wenye ulemavu, maskini na wafanyakazi wa kawaida. Wengine walikuwa wamenyimwa malipo ambayo serikali huwapa wasioweza tena kufanya kazi. Wengine walikuwa wamebaguliwa kazini au katika huduma za watu wote. Tarehe 26 Julai 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria kubwa ya kuwalinda Wamarekani wenye ulemavu. Sheria hiyo ilihusu kazi, usafiri, majengo na huduma. Tangu siku hiyo avoka kama Harriet alikuwa na silaha ya kwendea mbele ya hakimu: hakuwa tena anaomba mlango ufunguliwe, alikuwa anadai.

Nje ya ofisi alifanya siasa katika chama cha Demokrati, na watu wa mji walizoea kumwona akipita njiani na kiti chake, upepo wa bahari ukimpiga usoni. Aliandika kwamba hicho kilikuwa kimoja cha vitu alivyovipenda sana duniani.

Vita yake na huruma

Kila mwaka mwanzoni mwa Septemba, siku ya sikukuu ya wafanyakazi Marekani, kulikuwa na kipindi cha televisheni kinachoendelea usiku kucha mpaka kesho yake. Mchekeshaji maarufu Jerry Lewis alikiongoza ili kuchangisha pesa kwa ajili ya ugonjwa wa misuli. Watoto walemavu waliletwa mbele ya kamera, watu wakalia, pesa zikatoka. Mamilioni ya watu waliona ni jambo jema kabisa.

Mwaka 1990 Lewis aliandika katika jarida moja akijifanya kama yeye mwenyewe ana ugonjwa huo. Akasema angelazimika kujifunza kuwa nusu mtu. Walemavu wengi waliposoma walikasirika. Harriet akawa mmoja wa waliotoka barabarani. Mwaka baada ya mwaka, siku ya kipindi ikifika, alikuwa barabarani Charleston na kiti chake akigawa karatasi za kupinga.

Watu hawakumwelewa. Walisema, mbona unapinga msaada unaokuja kwa ajili yako? Jibu lake lilikuwa rahisi. Pesa inayotolewa kwa sababu umemwonyesha mtoto kama kitu cha kusikitisha inamharibia mtoto huyo siku zote zinazofuata. Mwenye kiwanda aliyelia mbele ya televisheni usiku, asubuhi hatampa kazi mtu aliyemwona kama nusu mtu. Mwenye nyumba hatampangisha. Na mtoto mwenyewe anayeangalia atajifunza, kama Harriet alivyojifunza, kwamba dunia inamngoja afe.

Hapa ningeomba sisi wa redio tujichunguze. Mara ngapi tumeweka sauti ya mlemavu akilia ili kipindi kiguse watu, bila kumwuliza hata mara moja anataka nini?

Alipokutana na profesa

Jambo lililolifanya jina la Harriet lijulikane mbali ni mabishano yake na Peter Singer. Huyu ni mwanafalsafa kutoka Australia, anayejulikana sana kwa kutetea wanyama, na tangu mwaka 1999 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Princeton. Singer anafundisha kwamba mtoto mchanga bado hajawa mtu kamili kwa maana ya kujitambua na kutaka kuendelea kuishi. Kwa hiyo, anasema, wazazi wa mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa waruhusiwe kumwua ikiwa wanaona maisha yake na ya jamaa yatakuwa na taabu nyingi, kisha wazae mwingine.

Msifikiri hayo ni maneno ya darasani tu. Ujerumani wakati wa Hitler, kati ya mwaka 1939 na 1941, zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili waliuawa kwa gesi katika mpango wa serikali, na madaktari ndio waliojaza karatasi. Walisema watu hao wanakula bure. Singer mwenyewe ni mtoto wa Wayahudi waliokimbia Wanazi, na anakataa kabisa kufananishwa nao, akisema yeye anaongea juu ya uamuzi wa wazazi na si wa serikali. Lakini walemavu waliposikia fundisho lake waliona njia ile ile inafunguliwa tena.

Mwaka 2001 Singer alikuja kutoa mhadhara Charleston. Harriet akaenda, akasikiliza, kisha akamwuliza maswali mbele ya watu. Wakaendelea kuandikiana, mpaka Singer akamwalika Princeton aje ajibizane naye mbele ya wanafunzi. Wenzake wengi katika harakati za walemavu walimkataza. Walisema: ukikaa meza moja na mtu anayeuliza kama ulistahili kuishi, umeshakubali kwamba hilo ni swali la heshima. Yeye mwenyewe aliliona tatizo hilo. Hata hivyo mwezi Machi 2002 alikwenda.

Wengi wetu hapa tungemjibu profesa kwa Maandiko. Harriet hakuwa mtu wa dini, wala Singer. Ilibidi ajibu kwa yale wanayoyaona wote wawili. Alisema kwamba mtu anayeangalia kwa nje hawezi kujua maisha ya mlemavu yana ladha gani ndani. Kila mtu anaishi ndani ya mipaka ambayo hakuichagua, na ndani ya mipaka hiyo watu hupenda, hufanya kazi, huchekana na hugombana. Kama walemavu wengi wana huzuni, tuangalie kwanza kama wamenyimwa shule, kazi na msaada, kabla hatujaulaumu mwili waliozaliwa nao.

Kuna jambo moja dogo kutoka siku ile ambalo mimi silisahau. Wakati wa chakula cha jioni, kiwiko cha Harriet kiliteleza kwenye kiti chake, naye hakuweza kukirudisha mwenyewe. Aliyekuwa karibu naye ni Singer. Akamwomba amshike mkono na kuuvuta mbele. Singer akafanya kama alivyoelekezwa, kisha wakaendelea kula na kubishana. Fikirini hapo: mtu aliyefundisha kwamba ingekubalika Harriet kuuawa siku alipozaliwa ndiye aliyemsogeza mkono ili aweze kula. Harriet hakuona aibu kuomba. Kwake kuhitaji mkono wa mwingine halikuwa jambo la kumshusha mtu. Ni namna tu ya kuishi.

Alirudi nyumbani akaandika habari hiyo katika makala ndefu iliyotoka tarehe 16 Februari 2003 katika jarida la gazeti la New York Times. Watu wengi waliisoma, na mpaka leo inasomwa vyuoni. Hakumchora profesa kama shetani. Alisema ni mtu mwenye adabu, na kwamba hilo ndilo linalotisha, kwa kuwa fundisho la hatari linaweza kutoka kwa mtu mpole.

Hofu ya kufungiwa

Miezi michache baadaye, Novemba 2003, aliandika tena katika jarida hilohilo juu ya kitu alichokiogopa maisha yake yote: nyumba kubwa ambamo walemavu huwekwa na kusahauliwa. Marekani ilikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo. Pesa ya serikali ya kumtunza maskini mlemavu ilipatikana kwa urahisi akiingia humo, lakini ilikuwa vigumu kuipata akibaki nyumbani kwake.

Harriet alitaka kinyume chake. Yeye alihitaji msaada kutoka asubuhi mpaka usiku: kutolewa kitandani, kuogeshwa, kuvalishwa, kukalishwa kwenye kiti. Msaada huo aliupata nyumbani kwake, kwa wasaidizi aliowachagua na kuwaelekeza mwenyewe. Baada ya hapo alikwenda ofisini kuwatetea watu. Kama angefungiwa, mji ungempoteza avoka, na wateja wake wangempoteza mtetezi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshaamua tarehe 22 Juni 1999, katika kesi ya wanawake wawili wa jimbo la Georgia, kwamba kumfungia mlemavu katika nyumba hizo bila sababu wakati anaweza kuishi kati ya watu ni ubaguzi. Lakini uamuzi wa mahakama ni kitu kimoja, na pesa kufika nyumbani kwa mtu ni kitu kingine. Hilo hata sisi tunalijua.

Tarehe 4 Juni 2008 Harriet alifariki nyumbani kwake Charleston, akiwa na miaka 50. Yule mtoto aliyetangaziwa kifo kwenye televisheni alikuwa ameacha nyuma yake miaka zaidi ya ishirini ya uavoka na vitabu viwili.

Alipokufa, watu wengine waliandika kwamba sasa anakimbia na kurukaruka mbinguni. Waliandika kwa nia njema. Aliyewasahihisha ni Peter Singer, katika maneno ya kumkumbuka aliyoandika Desemba mwaka huo. Alisema hayo ni kumkosea mara mbili: kwanza hakuamini maisha baada ya kifo, na pili, ni nani aliyesema kwamba furaha ni lazima iwe na kukimbia? Akakiri pia kwamba maisha ya Harriet yalikuwa mazuri, kwake mwenyewe na kwa wengine. Fundisho lake Singer hakuliacha. Lakini hilo alilikiri.

Sheria imeshafika kwetu

Mwezi mmoja tu kabla Harriet hajafa, tarehe 3 Mei 2008, mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulianza kufanya kazi. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nao mwaka 2015. Marekani ya Harriet ilitia sahihi mwaka 2009, lakini Seneti yake ilipopiga kura Desemba 2012 kura hazikutosha kuukubali. Kwa karatasi, basi, sisi tumetangulia mbele yao.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kulingana na mahitaji yao. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria maalumu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu chake cha 11, unataja waziwazi hali ya vita na maafa: serikali zinatakiwa kuhakikisha usalama wa watu wenye ulemavu humo.

Ninyi mlio kambini, kifungu hicho cha 11 ni chenu. Kinahusu choo chenye ngazi ambazo mtu anayetambaa hawezi kupanda. Kinahusu foleni ya chakula ambako anayesimama saa nne ndiye anayepata, na asiyeweza kusimama anategemea jirani. Kinahusu mtoto ambaye jina lake halikuandikwa kwenye orodha kwa sababu siku ya kuhesabu alikuwa amelala ndani ya hema na hakuna aliyemwona. Mkikutana na wakubwa wa kambi au watu wa mashirika, msiseme tu "tunaomba mtuhurumie." Semeni: mtoto huyu yupo, aandikwe, choo kiwe na njia, chakula chake kimfikie alipo. Hivyo ndivyo Harriet angesema. Alijua kwamba huruma inaweza kuisha siku mtoaji akichoka, lakini jina lililoandikwa kwenye orodha linaweza kudaiwa.

Nilirudi kambini

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mama. Nilimkuta mbele ya hema anachambua maharage, kijana wake amekaa juu ya mkeka pembeni. Niliwasimulia habari hii yote kama nilivyowasimulia ninyi. Mama alisikiliza bila kusema neno. Nilipofika kwenye habari ya profesa aliyeulizwa asogeze mkono, alitikisa kichwa akacheka kidogo.

Kijana hakuniuliza juu ya sheria wala mkataba. Aliniuliza, "Yaya, huyo avoka, asubuhi nani alikuwa anamvalisha nguo?"

Nikamwambia, "Watu aliowaajiri mwenyewe."

"Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa bosi wao?"

"Ndiyo, yeye ndiye alikuwa bosi wao."

Akamgeukia mama yake, akamwangalia kwa muda. Kisha akaniuliza kama katika kambi hii kuna shule inayoweza kumpokea. Hilo ndilo jambo tunalolifuatilia sasa, na tutawapasha habari tukipata jibu. Na kwa wale majirani waliosema mama alibeba mzigo wa bure, jibu lake analo: hakubeba mzigo, alibeba mtu.